Chupa ya Tatu

Same Mjini
9 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo. Huku ni joto na vumbi kama unavyopajua. Wageni wa mbuga ya Mkomazi wameongezeka, na jikoni hapa hotelini tumebaki wawili tu, mwenzetu amekwenda kujifungua.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu ya nyumbani anaipokea mama, na mama akipokea anaweka sauti ya juu mpaka ng'ombe zizini wanasikia habari zangu. Haya ninayoandika leo si ya ng'ombe. Nimempa Anderson wa bodaboda, yule anayeshusha magunia ya tangawizi, nikamwapisha akupe wewe mkononi.

Mama ameniambia kwamba siku ya Krismasi watu walipoitwa kwenye Chakula cha Bwana, wewe ulibaki umekaa kwenye benchi. Wewe mzee wa kanisa! Anasema hata Mwaka Mpya hukwenda mezani. Yeye anadhani ni goti, anatafuta mafuta ya kukuchua. Mimi sidhani kama ni goti, na tangu aniambie hivyo sina raha.

Baba, ile nyama niliyopika kwenye kipaimara cha Blessing wa dada Agatha ilikuwa na bia.

Nimeshaandika, siwezi kufuta. Bia nyeusi, chupa mbili. Nilizipandisha huko nyumbani Mamba nimezifunga kwenye kanga, chini ya vitunguu. Mwaka juzi mgeni wetu mmoja, mama wa Kibelgiji, aliomba aingie jikoni atuonyeshe mapishi ya kwao. Unakata nyama vipande vikubwa, unaikaanga mpaka iwe kahawia, unaitoa. Unakaanga vitunguu vingi polepole bila haraka yoyote, unarudisha nyama, halafu badala ya maji unamimina bia na kuacha moto mdogo kwa saa tatu. Hata ng'ombe mzee aliyelima maisha yake yote analainika, unamkata kwa kijiko. Mchuzi unakuwa mzito, mweusi, una utamu kwa mbali na uchungu kidogo nyuma yake. Wageni wetu wanaililia.

Nami nilikuwa nimesikia akina mama wa usharika wanasema Justa huko hotelini amejifunza chipsi mayai tu. Nikasema nitawanyamazisha. Basi nimewanyamazisha. Mchungaji aliongeza sahani. Wewe ulisimama mbele ya watu wote ukasema mkono huu ni wa marehemu bibi. Mama aliponiuliza mbona mchuzi mweusi, nikamwambia ni vitunguu, nimevikaanga sana. Sasa nasikia nusu ya wanawake wa Mamba wanaunguza vitunguu kila Jumapili.

Nilikuwa najitetea moyoni kwamba bia ikichemka saa tatu ukali wake unaondoka, inabaki ladha. Hilo ni kweli, mpishi yeyote atakwambia. Lakini wewe ni mtu uliyeacha pombe miaka kumi na mmoja. Ulisimama mbele ya kanisa ukarudishwa kundini, na binti yako mwenyewe amekulisha bia bila kukwambia. Nafikiri uligundua baadaye, ndiyo maana unajiona hustahili kwenda mezani. Naona aibu, baba. Nikiwa napika hapa najikuta nimesimama na mwiko mkononi, wenzangu wananiuliza nimesahau nini.

Halafu mama kila akipiga simu ananisimulia jinsi Mama Zebedayo, aliyekuja kutusaidia kuosha vyombo, alivyoondoka na ile sufuria ndogo iliyobaki meza ya wazee, ambayo mama aliiweka kwa ajili ya wanakwaya. Nami namgeuzia mazungumzo. Amegombana na jirani kwa nyama ambayo angejua ilivyopikwa angeimwaga mwenyewe.

Nisamehe. Nijibu hata mistari miwili.

Mwanao,
Justa

*

Mamba
2 Februari 2025

Mwanangu Justa,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Tangawizi ya shamba la juu imetoka vizuri, ya bondeni imeoza kwa maji. Mama yako anakusalimu ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Barua yako niliipata tangu mwezi uliopita. Anderson alinikabidhi mkononi kama ulivyomwapisha, ila alinikabidhi mbele ya mama yako. Nikasema ni karatasi za kikundi cha wakulima.

Habari ya nyama nimeielewa. Sina hasira na wewe. Nyama ilikuwa nzuri. Usimwambie mama yako wala mchungaji, na usiniandikie tena habari hiyo. Kwenda mezani au kutokwenda ni jambo langu na Mungu wangu. Habari ya Mama Zebedayo nayo iacheni, itapoa yenyewe.

Kula vizuri, na ulale mapema.

Ni mimi baba yako,
Aminieli

*

Same Mjini
10 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Habari za goti na za huyo ndama? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Umeniambia nisiandike tena, na mimi naandika. Utanisamehe na hilo pia.

Mama alipiga simu jana analia. Anasema wazee wenzako wamekuuliza kwa nini huendi mezani, ukawajibu kwa ukali, nao wakasikika wakinong'ona kwamba Aminieli huenda amerudia mambo yake. Anasema Mama Zebedayo ameacha kuja kwenye umoja wa wanawake, kwa sababu kila akiingia mtu mmoja anauliza kwa sauti kama sufuria zimehesabiwa. Mama alipolisema hili alicheka katikati ya kilio. Nadhani hata yeye ameanza kuona limezidi.

Siwezi kukaa huku Same nakaanga vitunguu huku jina lako linachafuliwa kwa kosa langu. Nimeomba ruhusa kazini. Jumapili tarehe 23 nakuja. Nitamwendea mchungaji kabla ya ibada, na akiruhusu nitasimama mbele ya usharika niseme kwamba mimi Justa nilitia bia kwenye chakula cha kipaimara, na kwamba baba yangu alikula bila kujua. Watanicheka, na wachekeshaji wa Mamba nawajua, watanipa jina nitakalozeeka nalo. Sawa tu. Wewe hukujua, baba. Mtu aliyelishwa kitu gizani hawezi kuhukumiwa kama aliyekitafuta mwenyewe. Nataka walisikie hilo, nawe urudi kwenye nafasi yako.

Usinizuie.

Mwanao,
Justa

*

Mamba
13 Februari 2025

Justa mwanangu,

Marahaba. Ndama hajambo. Barua hii inashuka leo hii, nimemwambia Anderson asisubiri mzigo.

Usije tarehe 23. Usiende kwa mchungaji. Ukisimama pale ukasema sikujua, utakuwa umesema uongo kanisani kwa ajili yangu, na mimi nitakuwa nimekaa benchi la wazee nakusikiliza ukiusema.

Nilijua. Nilijua kwenye kijiko cha kwanza.

Miaka kumi na mmoja sikugusa kitu. Nikipita kilabuni napita upande wa pili wa njia. Kwenye mahari ya wajukuu wa kaka yangu, dengelua, ile pombe ya miwa, ikizungushwa kwa wazee, naomba chai, wananicheka, nami nacheka nao. Nilidhani ulimi wangu umesahau. Kumbe haukuwa umesahau chochote. Kile kijiko kilipoingia mdomoni nilihisi joto mpaka kwenye masikio. Nilitazama pande zote kama kuna aliyeona. Mchungaji alikuwa anatafuna na kusifu. Ningeweza kuweka kijiko chini, nikasema tumbo limejaa. Badala yake nilimaliza bakuli, nikaomba la pili, na yale maneno niliyosema mbele ya watu kuhusu mkono wa bibi yako, niliyasema ili wakusifu na wewe uniongezee. Nilimtumia mama yangu marehemu kuombea mchuzi. Fikiria.

Si hayo tu. Wageni walipokwenda uwanjani kupiga picha na Blessing, niliingia jikoni. Niliona ile sufuria ndogo imefunikwa sahani. Nikaichukua chini ya koti nikaenda nyuma ya ghala la tangawizi. Nilikula nyama yote iliyokuwemo, kisha mchuzi nikaunywa kwa kuinamisha sufuria, kisha nikapangusa pembeni kwa kidole. Wewe ulisema ukali huondoka. Mimi niliuona upo, tena upo kweli, nikafikiri ni ulimi wangu unanidanganya kwa uroho. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya uzee wa kanisa. Sufuria niliitupa kwenye shimo la majani nikaifukia.

Jioni mama yako akaitafuta. Mama Zebedayo ndiye aliyekuwa wa mwisho jikoni. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kiti nikisikia mama yako anamwuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Yule mama akanigeukia mimi. Akasema, "Mzee Aminieli, wewe unanijua." Nami nikasema mambo ya jikoni siyaingilii.

Hayo ndiyo maneno yangu. Mjane amekuja kutuoshea vyombo tangu alfajiri, nikamrudisha kwake na jina la mwizi kwa sababu mimi nilikuwa nimeshiba. Ndiyo maana siendi mezani. Kila ninapofikiria kunyoosha mkono, naona kile kidole kwenye sufuria.

Wewe hapo una kosa dogo la ujana. La kwangu ni hili. Niachie, nitajua la kufanya.

Baba yako,
Aminieli

*

Same Mjini
30 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Najua umesubiri barua hii wiki sita. Mama ameniuliza kwenye simu mara tatu kama nimegombana na wewe, kwa maana Anderson akipita unamwangalia mikono. Nimemwambia kazi nyingi. Kazi ni nyingi kweli, lakini si sababu.

Tarehe 23 sikuja, kama ulivyotaka. Nilianza kukuandikia mara nyingi. Barua ya kwanza ilikuwa ya kukulaumu kwa ajili ya Mama Zebedayo, nikaandika kwa hasira nzuri kabisa kurasa mbili, nikajiona mtu wa haki. Nikaisoma tena, nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Barua ya pili ilikuwa ya kukuhurumia, nayo ilikuwa mbaya zaidi.

Ulimi wako haukukudanganya, baba. Ukali ulikuwepo.

Nilikwambia chupa mbili. Zilikuwa tatu. Mbili niliziweka kwenye sufuria kubwa kama nilivyofundishwa, zikachemka saa tatu, nyama ikaiva, watoto na wanakwaya na wageni wote wakala hiyo. Ilikuwa imekamilika. Hakuna kilichopungua. Kisha nikapakua kwenye ile sufuria ndogo, ya meza ya wazee, nikaitoa motoni. Na hapo, wakati moto umeshatoka, nikafungua chupa ya tatu nikaimimina nusu nzima na zaidi kwenye sufuria yenu, nikakoroga, nikafunika. Mpishi hafanyi hivyo. Bia ikitiwa mwisho haifanyi kazi yoyote kwenye nyama. Chupa ya tatu haikuwa ya nyama, ilikuwa yako.

Nimejiuliza ni kwa nini, na jibu nalijua tangu siku ile, ndiyo maana nilikaa kimya.

Asubuhi ile Blessing alipita katikati ya kanisa na gauni jeupe, na wewe ulikuwa umesimama mbele, umenyooka, tai imefungwa vizuri, unatabasamu. Watu wakasema tazama babu alivyopendeza. Mimi nikakumbuka kipaimara changu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Gauni langu alilishona mama kwa mkono. Mchungaji alipoita jina langu, wewe ndiye uliyekuja kwenye njia ya katikati ukiimba, ukanishika bega, ukaanguka ukanivuta nami, na gauni likachanika mpaka kiunoni. Walinitoa nje nimefungwa koti la mwinjilisti. Wenzangu walinitania shuleni mpaka nikaacha kwenda kwaya. Nami nilijua wewe umesahau, au unafanya kana kwamba umesahau. Blessing alipata babu ambaye mimi nilitaka awe baba yangu.

Basi nikataka ule, usijue, na mimi nijue. Nikataka kukuona umekaa pale na tai yako huku nikijua ndani yako kuna nini. Uliposimama kunisifu, nilifurahi, baba. Nilifurahi kwa ubaya. Nikageukia ukuta ili nisionekane.

Siwezi kukwambia nenda kwa Mama Zebedayo kana kwamba mimi ni msafi. Lakini naomba uende. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi, na nitamweleza mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu sufuria ile tuliifukia wote wawili.

Sijui nikuombe msamaha namna gani kwa jambo kama hili. Ule wa barua ya kwanza ulikuwa wa uongo, nusu yake.

Mwanao,
Justa

*

Mamba
8 Aprili 2025

Justa mwanangu,

Marahaba. Masika yameshika, njia ya chini imekatika mara mbili, ndiyo maana barua yako ilichelewa kufika. Mama yako hajambo ila hasemi nami sana, na sababu utaielewa.

Nilisoma barua yako shambani, chini ya mvua ndogo, nikairudia. Siku ile ile nilikwenda kwa Mama Zebedayo. Nilikuta anapepeta maharage ya makande. Hakuniambia nikae. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Yangu tu nilimweleza, yako sikuigusa. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Mzee, nyama ningekupa mwenyewe ungeniomba. Lakini uliniangalia machoni ukasema huingilii." Akaingia ndani. Sikupata msamaha siku hiyo. Nilikwenda tena Jumamosi, akanipa kigoda. Bado hajasema neno hilo, na sina haki ya kumharakisha.

Mama yako nilimwambia jioni hiyo hiyo. Alichukua jembe akaenda kwenye shimo la majani akaifukua sufuria, akaiosha, akaenda nayo mwenyewe kwa Mama Zebedayo kumwomba radhi. Alirudi macho mekundu. Kwa wenzake wa umoja wa wanawake amekwisha kusema kwamba mwizi alikuwa mume wake.

Mchungaji nimemwona, naye ilibidi nimwambie mchuzi ulikuwa na bia, ila la chupa ya tatu sikulitaja. Alipojua kwamba naye alikula meza ile, alishika kichwa, halafu akacheka sana, halafu akakumbuka yeye ni mchungaji. Uzee wa kanisa nimeuacha. Jumapili ya Matawi nitasimama mbele ya usharika, niseme la pombe na la Mama Zebedayo kwa kinywa changu, ili nirudishwe kundini. Hii ni mara ya pili katika maisha yangu, na mara hii naogopa kuliko ya kwanza.

Sasa la kwako. Sikuwa nimesahau. Niliona gauni lilivyochanika. Nakumbuka hata rangi ya shimizi uliyovaa ndani, na jinsi ulivyokuwa unashikilia kitambaa kwa mikono miwili. Miaka kumi na miwili najifanya sikumbuki kwa sababu wewe hukuwahi kulisema, nikaona ni afadhali.

Niliporudishwa kundini mara ile ya kwanza, niliomba msamaha kwa Mungu. Nikaomba kwa kanisa, wote wakasema amina. Nikaomba kwa mama yako. Nikaomba hata kwa wanywaji wenzangu niliowapiga. Wewe ulikuwa umekaa benchi la nyuma na daftari lako la nyimbo, nami nikakupita nikaenda kukaa. Ulikuwa mtoto, nikadhani mtoto haombwi msamaha.

Nakuomba sasa. Nisamehe, Justa, kwa siku yako ile. Chupa ya tatu siidai kwako. Nilikuwa nimekwisha kuinywa kabla hujaimimina.

Ukiona ni vigumu kujibu, usijibu. Kula vizuri.

Baba yako,
Aminieli

*

Same Mjini
11 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Poleni na mvua. Mimi sijambo.

Naandika haraka, Anderson amesimama hapa mlangoni anapiga honi kana kwamba amebeba mgonjwa. Nimeomba ruhusa Jumamosi na Jumapili. Nakuja.

Sitaki kukudanganya tena. Nimeisoma barua yako, nimelia, nikafikiri sasa imekwisha, halafu jana nikiwa nasonga ugali nikakumbuka lile gauni na hasira ikarudi ile ile. Kwa hiyo sijui kama nimekusamehe kabisa. Nimeanza. Nami nakuomba unisamehe kwa kadiri utakayoweza, hata kama ni robo robo.

Nitapita kwanza kwa Mama Zebedayo. La chupa ya tatu nitamwambia mwenyewe, na mama pia.

Mwambie mama asiniwekee nyama, na akina mama wa usharika wasiniwekee sufuria. Sitapika. Jumapili nitakaa benchi la mbele kabisa, upande wa wanawake, mwanzo wa njia ya katikati. Ukifika pale, kabla hujawageukia watu, niangalie kwanza mimi.

Mwanao,
Justa